Mtu wa Mlangoni Yuko Likizo

Watu wa upande wa mizigo, pale kiwanja cha ndege cha Juba, wakitaka kukueleza Yafesi ni nani, hawaanzi na kabila lake wala kanisa lake. Wanaanza na taya la dereva wa trola. Dereva huyo alizitupa chini kreti za vifaranga kama mtu anayetupa maganda, vifaranga wakafa, na alipoulizwa akajibu kwamba kuku ni kuku. Yafesi akashuka kutoka mlango wa ndege, akavua glavu ya mkono wa kulia, akampiga ngumi moja. Dereva alikunywa uji kwa mrija hadi mvua zikakatika. Hadithi ikifika hapo wasimuliaji hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu najua mkono ule ulikoishia.

Alizaliwa Uganda, upande wa Masindi, kwa baba mkata miwa ambaye alirudi nyumbani kila jioni na muwa mmoja wa watoto kula na mwingine wa kuwachapia. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Yafesi alifunzwa na baba na ulimwengu, na wote wawili walitumia fimbo. Siku alipomshika baba yake mkono hewani na kuukaza mpaka mzee akapiga magoti, alijua hawezi kulala tena nyumba ile. Alipanda lori la ndizi, akavuka mpaka wa Nimule, akashukia Sherikat karibu na daraja la Juba, mahali ambapo wapakuzi hugombania lori kabla halijasimama.

Sherikat haikuwa na foleni. Anayeshika kamba ya turubai kwanza ndiye mwenye kazi, na akishaishika lazima awe tayari kuitetea. Hapo ndipo Yafesi alipopata kovu linaloanzia sikioni na kuishia ndani ya ndevu. Aliyempa alikuwa na kisu cha kukatia magunia, naye Yafesi alimjibu kwa kichwa, akamtoa meno. Vita vya mjini vya mwaka wa elfu mbili kumi na sita vilimkuta chini ya lori la saruji. Alilala pale risasi zikitoboa magurudumu, na mpakuzi mwenzake aliyelala ubavuni pake alikata roho huku akimwomba maji. Yafesi hakuwa na maji. Tangu siku hiyo alikuwa hawezi kuona kitu chake kikichukuliwa akanyamaza.

Kutoka Sherikat alihamia kiwanja cha ndege, kwenye kampuni ya kupakua mizigo ya bwana mmoja aitwaye Kuany, na huko akapanda mpaka akawa mtu wa mlangoni. Cheo hicho hukikuti katika karatasi yoyote, lakini kila mpakuzi anakijua. Ndege ya mizigo ikifunguliwa, mtu mmoja hupanda kwanza. Huangalia shehena ilivyopangwa, hujua kipi kikivutwa kitaangusha kingine, kisha husimama mlangoni na kutoa sauti, na kundi zima chini huinua na kushusha kwa sauti hiyo. Akikosea, mtu huvunjwa mguu. Yafesi alikuwa na sauti nzito iliyopenya kelele za injini, na chini yake hakuna aliyewahi kuvunjwa mguu, isipokuwa wale aliowavunja mwenyewe. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na mahali ambapo watu walimtazama juu. Mahali hapo alipapenda kuliko alivyowahi kusema, hata kwa mke wake.

Mke wake ni Josline, msusi wa nywele mwenye kibanda kwenye mtaa wa Gudele, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali na moyo mkubwa. Josline naye ana mdogo wake, Jonah. Kijana huyo alipokuja Juba bila kazi, Yafesi alimpa chumba uani na akamwingiza kundini. Haukupita muda Jonah akakamatwa na boksi la simu ndani ya koti. Yafesi hakumpeleka polisi. Alimlaza kifudifudi juu ya trola na kumchapa kwa mkanda wa kufungia mizigo mbele ya kundi lote, hadi Jonah akajikojolea. Yafesi aliona amemwokoa shemeji yake na jela, na labda kweli alimwokoa. Lakini mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Sasa nije kwenye hiyo likizo.

Zamani kampuni ilitoa likizo kama zinavyotoa nyingine. Kila mtu alikuwa na siku zake za mwaka, na siku ya kuondoka na ya kurudi zilitangazwa asubuhi mbele ya wote. Wapakuzi, wengi wao Waganda na watu wa Kajo-Keji waliokulia ukimbizini Uganda, walikuwa na desturi yao juu ya hiyo. Anayeondoka humleta ndugu yake wa kumkalia nafasi. Ndugu huvaa ovaroli yake, hufanya kazi yake na kula posho ya chai. Mwenyewe akirudi, ndugu huvua ovaroli na kuondoka siku hiyo hiyo. Aliyesita aliwahi kushushwa na kundi kwa mateke. Kampuni ilijua na ikafumba macho, maana kazi haikulala. Desturi hiyo ililindwa na kitu kimoja tu: kila mtu alijua tarehe.

Kuany ndiye aliyeiondoa tarehe. Alikuwa amekulia Kenya, akasoma Nairobi, na alirudi kutoka mkutano fulani akiwa amevaa viatu vyeupe na wazo jipya. Akawakusanya mbele ya ghala.

"Kuanzia leo hakuna kuhesabiana siku," alisema. "Likizo haina kikomo. Ukichoka, pumzika. Ukiwa na shida nyumbani, enda. Sisi ni watu wazima, sawa?"

Walimbeba mabegani. Nawaambieni ukweli, walimbeba yule bwana kama bibi harusi, wakamzungusha uwanja mzima, na Yafesi alikuwa bega la mbele. Hakuna aliyeuliza: nani atasema ndiyo? Itaisha lini? Nikirudi, nafasi yangu ni ipi? Maswali hayo ni ya wanasheria, na pale hapakuwa na mwanasheria. Palikuwa na watu waliochoka migongo. Cha bure ni ghali, lakini bei yake huja nyuma.

Mama yake Yafesi alipoanza kufa kwa saratani ya tumbo, Yafesi aliingia ofisini kwa Kuany na kofia mkononi.

"Enda, mzee," Kuany alimwambia, akimshika bega. "Kaa na mama. Usiharakishe. Uturudie roho ikiwa imetulia."

Yafesi akamleta Jonah amkalie nafasi. Ndiye ndugu pekee wa kiume aliyekuwa naye Juba, na kumpita ingekuwa tusi kwa Josline. Lemi, mpakuzi wa Kajo-Keji aliyekuwa rafiki yake, alimvuta pembeni. "Yafesi, huyu ulimpiga. Mtu ulipiga, unampa kiti yako?"

"Ni shemeji yangu," alisema Yafesi, na kwake hoja iliishia hapo.

Mama hakufa haraka. Alikufa kidogo kidogo, akipiga kelele, na Yafesi alimshika miguu ili asijirushe chini. Alipompigia Kuany simu kuomba siku zaidi, Kuany alicheka kwa upole: hakuna kuomba siku, mzee, hakuna kikomo. Basi alikaa. Mazishini ndugu zake wakagombania shamba, mapanga yakatoka kabla udongo haujakauka juu ya kaburi, na mmoja akamkata mwenzake vidole. Yafesi aliwanyang'anya mapanga, akawapiga wote wawili, kisha akakaa hadi mpaka wa shamba ukapandwa miti, ili asilime mtu juu ya mama yake. Alikuwa ameondoka Juba wakati wa vumbi. Alirudi barabara zikiwa tope.

Kesho yake alfajiri alikwenda kiwanjani. Ndege kutoka Entebbe ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na mlangoni alisimama Jonah, miguu imepanuka, akitoa sauti. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, lakini kundi liliinua.

"Jonah! Mimi imerudi. Shuka."

Jonah alimtazama kutoka juu. Hakuna aliyejua kama alikuwa anaogopa au anafurahi. Nadhani vyote viwili. "Karibu, muko," alisema, akimwita shemeji kwa lugha ya kwao. "Lakini nani imesema likizo yako imeisha?"

Yafesi aligeuka kulitazama kundi. Zamani wangekuwa wameshamvuta Jonah miguu. Safari hii walitazama chini. Hapakuwa na tarehe, na pasipo na tarehe nani angesema siku imefika? Lemi peke yake alisogea hatua, kisha akasimama.

Ofisini Kuany alimpokea kwa chai. "Kwani nani amekufuta, mzee? Hakuna. Wewe ni mtu wetu. Uko likizo, na likizo yako haijaisha. Jonah ameshika kazi poa, hana maneno, hapigi watu. Wewe tulia tu, tutakuita."

"Mshahara?"

"Mshahara ni wa mwenye yuko kazini, mzee. Hiyo si ni wazi?"

Mjue basi jinsi mtego ulivyofumwa. Angefukuzwa, kampuni ingelazimika kumlipa kiinua mgongo na kutoa sababu. Lakini hakufukuzwa. Amepewa zawadi tu, na zawadi hiyo haiishi. Yafesi alitoka nje akaipiga ngumi nguzo ya ghala. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe: kidole cha kati kilivunjika, na kilipona kikiwa kimepinda.

Josline ndiye aliyempeleka kwa Mama Teresina, mkaguzi wa mambo ya kazi, mwanamke wa Yei aliyesoma Uganda na ambaye hakuwa na haraka na mtu yeyote. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Sikiza, Mzee Yafesi. Sheria haikatazi bosi kupa watu likizo kubwa. Akitaka kupa kuliko sheria inasema, apee. Lakini ile ya sheria, yenye malipo, hawezi kuimeza ndani ya hii yake. Na lazima aseme nani anakubali, mtu anarudi lini, anarudi kwa nafasi gani. Likizo haina mwisho ni kufukuza mtu kwa mlango wa nyuma. Nitawaita wote hapa, na nafasi yako utaipata."

Yafesi alitaka kumshika mkono. Teresina aliinua kidole.

"Lakini ukigusa mtu pale kazini, kalas, imeisha. Mtu akipiga mwenzake kazini, sheria hiyo hiyo inampa bosi ruhusa ya kukutoa. Anangoja hiyo tu. Funga mikono yako."

Njiani Josline akaongeza lake. "Mimi sitaki kujua nani iko sawa. Huyu ni mume wangu, yule ni damu yangu. Ukimmwaga damu Jonah, nitachukua watoto."

Basi Yafesi alijaribu kufunga mikono. Wanaojaribu kuacha pombe watanielewa. Jonah alikuwa bado analala uani kwao, na kila jioni aliingia na ile ovaroli iliyoandikwa jina la kampuni mgongoni, akaoga akiimba, akala chakula cha Josline. Yafesi alikaa sebuleni akisikia maji yakimwagika na akakaza meno mpaka yakamuuma. Aliacha kwenda kanisani kwa sababu padri alisema habari ya shavu la pili. Siku moja alimpiga teke mbwa wa jirani, na jirani alipotoka kulalamika akaona macho ya Yafesi na kurudi ndani.

Siku ya kuitwa mbele ya Teresina ilipokaribia, Kuany alimpigia simu. Njoo mzee, alisema, uongee na shemeji yako mmalize kama watu wa nyumba moja, haya mambo ya serikali ya nini. Josline alikuwa kibandani, kichwa cha mteja mikononi, kwa hiyo hapakuwa na wa kumzuia. Akaenda. Askari wa geti walimpigia saluti kama zamani.

Ndege ilikuwa imejaa maboksi ya dripu za hospitali, na yalikuwa yanatoka vibaya. Jonah alikuwa anavuta ya katikati kabla ya yale ya juu. Yafesi aliliona jambo hilo akiwa mbali, akaanza kutembea haraka. Boksi likaporomoka, likampata Lemi begani, naye akaenda chini akishika mkono wake.

"Unaua watu!" Yafesi alifoka. "Shuka hapo!"

Jonah alikuja ukingoni mwa mlango. Jasho lilikuwa linamtoka, na kosa lake lilimtia aibu, na aibu ikamtia jeuri. "Likizo inaendaje, shemeji? Mama ulizika? Ama bado unazika?"

Mtu mmoja akacheka. Mmoja tu, na ndiye aliyetosha.

"Ulinichapa hapa," Jonah aliendelea. "Mbele ya hawa. Nilikojoa mbele ya hawa. Panda basi. Panda unichape tena."

Nimesikia watu wakisema Yafesi hakujua alichokuwa anafanya. Si kweli. Alijua vizuri sana. Alikumbuka kidole cha Teresina na maneno ya Josline, akaviona vyote viwili kama mtu anavyoona kibao cha hatari akiwa amekwisha kukipita. Akapanda ngazi.

Jonah alimpiga kwanza, kwa chuma cha kukazia mkanda wa mizigo. Kilimpasua Yafesi juu ya jicho, damu ikamfunika uso. Akapiga tena, shingoni, akilia kwa sauti kama mtoto, na kila pigo akitaja mkanda, mkanda, mkanda. Yafesi alikishika kile chuma, akakipindua, akamvuta Jonah karibu na kumpiga kichwa puani. Mfupa ulilia. Jonah akamng'ata mkono. Wakapigana mle ndani kati ya maboksi, fahali wawili katika zizi dogo, hadi migongo yao ikafika mlangoni, na hapo Yafesi alipata nafasi ya kupumua. Jonah alikuwa amesimama ukingoni, amelewa kwa mapigo, mikono chini. Alikuwa amekwisha kushindwa. Yafesi angeweza kumshika ovaroli na kumvuta ndani.

Alimsukuma.

Mlango wa ndege ile una kimo cha mwanamume kusimama juu ya mabega ya mwanamume. Jonah alianguka kwa mgongo juu ya pembe ya chuma ya trola, akabaki ananing'inia hapo, kisha akateleza chini. Hakulia. Alisema tu, akishangaa, "Miguu yangu mafi. Miguu yangu mafi," akitumia Kiarabu cha Juba kusema kwamba miguu haipo, ingawa ilikuwa pale pale, imekunjwa chini yake. Juu mlangoni Yafesi alisimama na damu machoni, na kundi zima lilimtazama kutoka chini.

Kuany hakupiga simu polisi. Hilo ndilo lililomshangaza Yafesi kwanza. Aliagiza gari, Jonah akapelekwa hospitali, na jioni akarudishwa Gudele juu ya godoro, kwa sababu daktari alisema uti wa mgongo umevunjika na upasuaji wake haufanyiki hapa, apelekwe Kampala upesi. Nani atampeleka? Kuany alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwa Josline, na viatu vyake vyeupe juu ya matofali ya kukanyagia tope.

"Pole sana, mama. Apumzike. Mwambie asijali kazi. Likizo kwetu haina kikomo."

Josline alimmwagia karai la maji ya kuoshea vidonda. Kuany akajipangusa, akamvuta Yafesi kando.

"Mzee, kesho panda mlangoni. Ile nafasi ni yako, imekuwa yako wakati wote. Yule kijana ulimleta mwenyewe, hakuwa mtu wa kampuni. Alianguka. Si alianguka?"

Yafesi akapanda. Semeni mtakavyo; alipanda. Kampuni nyingine isingemchukua mtu wa sifa zake, na watoto walikuwa wanakula. Alisimama mlangoni, juu ya jicho pameshonwa, akatoa sauti, na kundi likainua. Lemi hakuinua. Alikaa ghalani na bega lake lililofungwa, akatema mate kila Yafesi alipopita. Nyumbani Josline alimgeuza ndugu yake ubavu huu na ubavu ule asioze, akamwosha, akamlisha. Kwa Yafesi hakufungua mdomo. Alibaki nyumbani kwa sababu Jonah hakuweza kubebwa, na Yafesi alilijua hilo. Jonah mwenyewe alimtazama siku moja, akamwambia bila hasira, "Ungenimaliza, muko. Heri ungenimaliza kabisa."

Siku ya Teresina ikafika. Chumba kilikuwa kidogo na chenye joto. Kuany alikaa na wakili kijana aliyevaa tai, Yafesi na Josline wakakaa benchi moja, kati yao nafasi ya mtu mzima. Wakili alisema shauri limekwisha: mlalamikaji amerudi kwenye nafasi yake, kampuni imeheshimu haki zake, na kwa kweli hakuwahi kutoka kazini hata siku moja. Alikuwa likizoni kwa ridhaa yake.

Teresina alimgeukia Yafesi.

"Kuna mtu amevunjika mgongo kule. Kama alikuwa mfanyakazi, ni jukumu ya kampuni, itamtibu mpaka mwisho. Kama alikuwa mgeni wako tu, ni yako na Mungu wako. Hawezi kuwa watu wawili kwa nafasi moja. Sasa niambie wewe. Ile siku, mtu wa mlangoni alikuwa nani?"

Wakili alisema Yafesi alishajibu katika madai yake, kwamba nafasi ile ni yake. Kuany alimtazama Yafesi na kuitikia kwa kichwa polepole, kwa upendo kabisa, kama baba.

Yafesi alielewa kila kitu. Hakuhitaji tai kukielewa. Akisema ni yeye, atasimama mlangoni mpaka uzee, na watu watamtazama juu. Akisema ni Jonah, basi yeye ni mtu wa nje aliyepanda ndege ya watu na kumsukuma mfanyakazi, naye jela inamngoja. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na aliichukia. Aliitazama na kuichukia, kile kidole kilichopinda na ile alama ya meno ya Jonah ambayo ilikuwa haijapona.

"Jonah," alisema. "Jonah alikuwa kazini. Aliwekwa pale, akaachwa pale, akalipwa pale. Mimi ilikuwa likizo."

"Alianguka?" aliuliza Teresina.

"Hakuanguka. Alikuwa ameshachoka, ameshusha mikono. Mimi nilimsukuma."

Wakili alianza kusema. Kuany aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake, akamwita Yafesi mjinga, na alirudia neno hilo hadi Teresina akamwamuru akae. Josline alikuwa ameziba uso kwa kitenge. Polisi waliitwa kutoka barabarani, nao hawakuwa na upole. Yafesi alipigwa kitako cha bunduki mbavuni akiwa anapanda gari, ingawa hakukataa kupanda. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wake alipigwa na hakutafuta sura ya aliyempiga ili aikumbuke.

Josline alikuja kituoni baada ya kimya kirefu, wakati Yafesi alikuwa ameshajiambia haji. Askari alimtoa mahabusu hadi kwenye meza. Josline aliweka bakuli la ugali na maharage, na Yafesi aliponyoosha mkono kulipokea, alimpiga kofi. Halikuwa kofi la mke na mume. Mwanamke yule mfupi alijinyanyua kwa vidole vya miguu na kulitoa toka begani, na mdomo wa Yafesi ukapasuka. Akampiga la pili. Askari aliyekuwa anachezea simu aliinuka, kisha, kwa busara yake, akakaa.

"Amepanda ndege leo," Josline alisema, akihema. "Kampuni imelipa. Lemi na wenzake walimbeba mpaka ndani. Daktari wa Kampala anasema kwa simu, miguu hajui, labda, labda hapana."

Damu ilimdondokea Yafesi kifuani, na hakuipangusa.

"Kula," Josline alisema. Alivuta kiti akakaa mbele yake, akamngoja amalize.